Daftari la Elfu Saba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Ndugu yangu Kinyanjui husema nilizaliwa nikiwa nimekunja uso. Sawa, na aseme. Lakini hasira ya safari hii sina wa kumtolea, kwa sababu aliyekosa ni mimi, na niliyemkosea hawezi kukumbuka kwamba nimemkosea.

Baba yangu ni Mwalimu Gathogo. Hapa Dundori hata mbwa wanamjua. Alifundisha hesabu katika shule za msingi miaka thelathini na sita, mingi yake huko Kuresoi, na mtu akimwambia kwamba hesabu ni ngumu alikuwa anamwangalia kwa huruma. Sasa ana miaka themanini na mbili na kichwa kimeanza kumtoka. Ya zamani anayo yote. Ya jana hana. Daktari wa Nakuru alituambia ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa, tuzoee. Tuzoee! Kama ni viatu vipya.

Wakati mwingine ananiita Kui, ambalo ndilo jina langu. Wakati mwingine ananiita Mama Kui, akidhani mimi ni mama, ambaye tulimzika mwaka jana mwezi wa nane, hapo nyuma ya nyumba karibu na viazi. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha.

Sasa nieleze habari ya ile namba, maana bila namba hakuna hadithi.

Namba yenyewe ni 963,502,921. Naijua kuliko namba ya kitambulisho changu. Imepigwa chapa kwenye chuma cha cherehani ya mama. Mwaka wa tisini na moja, mama akiwa anashona yunifomu na baba akisahihisha madaftari upande ule mwingine wa meza, macho ya baba yaliangukia hapo, na mwalimu wa hesabu akiona namba ni kama paka ameona panya. Akaanza kuichokoza. Inaishia na moja, kwa hivyo mbili haiingii, wala tano. Akajumlisha tarakimu zake zote, akapata thelathini na saba, kwa hivyo tatu haiingii. Akajaribu kumi na moja kwa kujumlisha na kutoa tarakimu, moja baada ya nyingine, ikakataa. Kumi na tatu ikakataa. Chai ikapoa akiwa amepita mia moja, na bado namba imekaa hapo haijatikisika.

"Mama Kui," akasema, "cherehani yako iko na namba ngumu."

"Imefanana na mwenyewe," mama akajibu bila kuinua kichwa.

Basi baba akaapa atajua kama hiyo namba ni tasa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Hiyo nilijua kabla sijajua kupika ugali. Na alitueleza kwamba huhitaji kuijaribu kwa kila namba duniani. Kama inagawanyika, basi ni namba mbili zilizozidishwa, na ile ndogo haiwezi kupita elfu thelathini na moja na arobaini, kwa sababu zote mbili zikipita hapo jibu litazidi. Kwa hivyo unajaribu zile namba tasa zilizo chini ya hapo, unaishia 31,039. Ni elfu tatu na mia tatu na ushee. Ukimaliza zote na kila moja imeacha baki, umeshinda.

Angeweza kwenda mjini kutafuta mtu wa kompyuta. Ukimwambia hivyo alikuwa anauliza, "Na mimi nitakuwa nimefanya nini?" Alifanya kwa mkono, Jumapili baada ya kanisa, mama akiwa kwenye cherehani. Kila elfu ilikuwa na daftari lake, namba ya elfu imeandikwa juu ya jalada. Kila hesabu aliifanya mara mbili, ya kwanza kwa kalamu na ya pili kwa penseli, halafu baki inaandikwa pembeni kwa wino mwekundu. Daftari la sita likaisha. Akachukua jipya, akaandika 7 juu yake, na hapo ndipo mama alipoweka mguu chini.

Kwa Wakikuyu wa rika la mama yangu, saba si namba ya kuchezea. Ni namba ya laana na ya waganga. Mama alikuwa mkristo wa ubatizo na komunyo, lakini hakuwahi kushona gauni la vifungo saba. Sita au nane, chagua. Watu wakikaa saba mezani, yeye alikuwa anakula akiwa amesimama jikoni. "Hiyo kitabu haiingii kwa nyumba yangu," akasema. Baba alibishana na maafisa wa elimu, na mapasta, na chifu, lakini na mama hakubishana. Akaenda moja kwa moja kwenye la nane, na la saba akalipeleka shuleni, akawa analifanya kidogokidogo saa ya chai na kulifungia kwenye kabati la walimu.

Halafu uchaguzi mkuu ukaja, na fujo za kufukuza watu makwao. Sitaki kuzisimulia. Tulitoka Kuresoi na nguo za mwilini, cherehani, na madaftari ambayo mama alikuwa ameyafunga ndani ya leso. Shule ilichomwa, na kabati la walimu likiwa ndani. Baba na mama wakaja hapa Dundori kwenye kipande cha shamba ambacho baba aliachiwa na babu. Mimi nilikuwa na Valarie, mtoto wa miezi mitano mwenye kifua kibaya, nikapata chumba cha kupanga Lanet.

Mwezi wa nne baba akaja Lanet. Akakaa kwenye kitanda, maana kiti hakikuwepo, akanipa daftari jipya, penseli mbili, na karatasi yenye namba tasa zote za kuanzia elfu saba hadi elfu nane. Zilikuwa mia moja na saba.

"Nyumbani kwa mama yako hii haiwezi kuingia," akasema. "Na mimi nikianza tena nitakumbuka lile kabati. Nifanyie wewe. Mkono wako ni mzuri."

Nikakubali. Ningekataaje? Nilifanya 7,001, ikabaki 4,298. Nikafanya iliyofuata, na iliyofuata. Nilifika 7,193, hesabu ya kumi na tisa. Halafu Valarie akalazwa wiki mbili, halafu nikapata kazi ya kupanga mboga sokoni, halafu mvua ikaingia chumbani na daftari likalowa likashikana kurasa. Baba alipouliza kwa simu nikamwambia, "Nimemaliza, Baba. Hakuna hata moja inayoingia."

Ndivyo nilivyosema. Maneno sita au saba, na nikarudi kukatakata sukuma. Nilijiambia nitazimaliza baadaye. Baba hakuomba kuliona daftari, kwa sababu nyumbani kwake halikuruhusiwa kufika. Imani ya mama ndiyo iliyonifunika kama blanketi.

Alimaliza 31,039 mwaka wa 2013. Alichinja mbuzi. Majirani wote wa huu mteremko walikuja kula kwa sababu ya namba ambayo hawakuielewa, pasta akaombea chakula na namba pamoja, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha meno, alicheka siku nzima. Baba alisimama akasema, "Namba ya mke wangu haigawanyiki." Na mimi nilikuwa hapo. Nilikula mbavu.

Mama alipokufa nilihamia hapa kumtunza baba. Akiwa na siku zake nzuri bado, alikataa mistari yote ya Biblia tuliyomletea. Alitaka jiwe la kaburi liandikwe jina la mama, miaka yake, na chini yake 963,502,921, halafu neno moja: HAIGAWANYIKI. Kinyanjui aliona aibu. Mimi nilinyamaza. Kazi tukampa Harun, fundi wa mawe wa Bondeni, mtu mpole asiye na haraka. Kwa kweli alikaa nalo miezi.

Sasa tufike mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi. Baba alikuwa amekaa juani na katoni la madaftari miguuni, ameyapanga yote kwa mstari. Akanitazama, uso wake umeng'aa kama zamani.

"Kui, ile ya saba iko wapi?"

"Ya nini, Baba?"

"Mama yako ameenda. Sasa inaweza kuingia nyumbani. Nataka zikae zote pamoja kabla jiwe halijafika. Lete."

Nikasema iko Lanet, nitaleta. Nikaenda dukani nikanunua daftari, nikachukua ile karatasi yake ambayo, Mungu anajua kwa nini, sikuwahi kuitupa, nikakaa jikoni kwangu na simu kama kalkuleta. Naomba nieleweke. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa nataka tu kujaza kurasa, nimpe mzee daftari lake, na nilitaka mabaki yawe ya kweli kwa sababu yeye hukagua. Nilijua kabisa hakuna itakayoingia. Tulikula mbuzi, au hatukula?

7,333, inabaki 5,385. 7,349, inabaki 4,927. Nikaandika 7,351.

Simu ikatoa 131,071. Hakuna nukta. Hakuna kitu nyuma. Nikafuta, nikarudia. Nikatafuta penseli nikafanya kwa mkono, kwa njia aliyonifundisha, nikishusha tarakimu moja moja, na nilipofika mwisho nikapata sifuri. Nikairudia ya pili. Sifuri. Woiye, Kui, nikajiambia, umefanya nini.

Nilimpigia Harun.

"Dada, jiwe si ubao wa shule," akaniambia. "Namba nimeshaichonga, na neno lenyewe chini. Nikifuta hapo linabaki shimo."

"Weka kitu juu yake."

"Kitu gani? Plasta?"

Nikampigia Kinyanjui Nairobi. Akasikiliza, akacheka, akasema, "Si ni namba tu, Kui? Nani atajua?" Nilimkatia simu. Mtu mwenye simu ya kawaida angejua kwa dakika moja, lakini hilo halikuwa jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni kwamba yule mzee alikaa miaka ishirini na mbili akisema ukweli mara mbili kila Jumapili, kwa kalamu na kwa penseli, na mimi niliambiwa niseme ukweli mara mia na saba tu.

Jumanne nikamwambia. Nilipiga magoti kabisa, hapo juani, nikilia. Nikamweleza Lanet, na kifua cha Valarie, na mvua, na simu. Akaomba penseli. Akashusha tarakimu zote, akafika mwisho, akaandika sifuri, akaanza tena upya. Alipomaliza ya pili akaniangalia.

"Na mbuzi ulikula?"

"Nilikula, Baba."

"Ulikula mbuzi yangu."

Hakunipigia kelele. Angenipigia ningejibu, mimi kelele naziweza. Alifunika uso kwa kofia, akakataa chakula cha mchana, akakataa na uji wa jioni. Nilikaa kwenye kizingiti nikingoja aniite anisamehe au anifukuze, nisijue nataka kipi.

Jumatano asubuhi nikampelekea chai. Alikuwa juani, katoni miguuni, uso unang'aa.

"Kui! Ile ya saba umeleta?"

Ngai wangu. Nikasimama na kikombe mkononi. Alikuwa amelala na kila kitu kikafutika, sifuri, mbuzi, machozi, vyote. Nikafikiri, hii ni nafasi ya kunyamaza. Halafu nikafikiri, na mimi nitasamehewa lini? Nikamwambia tena. Safari hii alilia, kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka, akamwita mama. Na Alhamisi akaamka akiwa na furaha, akauliza ya saba iko wapi.

Hapo nilielewa nimefungwa wapi. Nikimwambia, nampiga upya kila siku kwa kosa lilelile, na yeye kila siku analipokea kama ni mara ya kwanza. Nisipomwambia, nabaki na uongo wangu. Na hata akinisamehe leo, kesho msamaha wenyewe atakuwa ameusahau. Hasira ilinipanda mpaka kooni na hapakuwa na mtu. Nimgombeze nani, ugonjwa? Nilikwenda kwenye viazi nikapalilia mistari mitatu ambayo haikuwa na magugu.

Nikarudi, nikakaa karibu naye, nikafungua daftari jipya na kumsomea mabaki kwa sauti, maana macho yake hayasomi vizuri tena. Alifunga macho akawa anatikisa kichwa kila baki.

"Elfu saba mia tatu arobaini na tisa?"

"Inabaki elfu nne mia tisa ishirini na saba."

"Hamsini na moja?"

"Inabaki tatu," nikasema.

Akatabasamu. "Unaona? Ilikaribia."

Jiwe lilifika Jumamosi. Harun mwenyewe alilisimamisha na vijana wake, kazi safi, sina la kulaumu. Watu wa kanisa walikuja, pasta akaomba, na baba akavua kofia akasoma namba kutoka kichwani bila kukosea hata tarakimu moja, kisha akasoma lile neno. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mama yangu, ambaye hakumdanganya mtu hata kipimo cha kiuno, amelala chini ya uongo wangu uliochongwa kwenye granaiti, na hakuna kitu naweza kufanya.

Jumapili baada ya kanisa alitaka twende tukakae na mama kaburini. Nikatoa benchi. Kulikuwa na jua la upole, na baba alikuwa amevaa koti lake la shule. Aliinama akawa anapapasa zile tarakimu kwa kidole, moja moja, kutoka kushoto. Alifika kwenye moja ya mwisho, akarudi kukaa, akashika mkono wangu.

"Mama Kui," akasema.

Nilikuwa nimechoka. Sikumsahihisha.

"Mm?"

"Hii jiwe iko na makosa."

"Makosa gani?"

"Elfu saba, mia tatu hamsini na moja. Inaingia. Haiachi kitu."

"Nani amekuambia?"

"Kuna mwanamke alikuja hapa. Simjui ni wa wapi. Alikuwa analia sana, maskini. Lakini hesabu yake ilikuwa sawa, niliangalia mara mbili."

"Baba," nikasema, "huyo mwanamke ni mimi. Ni Kui. Ni mimi nilikudanganya."

Akaniangalia kwa ule upole alionao kwa mtoto anayejumlisha vibaya. "Kui yuko Lanet," akasema. "Ana mtoto mgonjwa." Kidole chake kikapapasa kifundo cha mkono wangu. "Makosa ni yangu. Mtu ametoka kuchomewa nyumba, amebeba mtoto wa kifua, na mimi nampelekea hesabu mia moja na saba. Mzazi gani huyo?"

Nilimfunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Usimwambie Kui," akasema. "Ile hasira yake yote huwa anajirudishia mwenyewe, namjua. Akisikia hatakunywa hata tone la chai. Wacha jiwe likae hivyo. Uniahidi."

Nilimwangalia baba yangu, na yeye alikuwa anamngoja mke wake ajibu.

"Sitamwambia," nikasema.

"Asante," akasema, na akaanza kuuliza kama kuna chai.